Usukani wa Mama Tumaini

Siku ya kuniaga karakana nilipewa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu, na daftari hili. Saa haitembei. Nimeifungua nikaitazama, mashine yake nzima, ila betri waliyotia ilikuwa imekwisha kabla ya sherehe. Nimeamua kuiacha hivyo hivyo. Daftari ndilo nimelifurahia. Vijana mliobaki mliniambia niandike kazi niliyoifanya humo ndani, msije mkalazimika kwenda kuniuliza makaburini. Mimi nimeishia darasa la saba na mwandiko wangu mnaujua, ule wa kadi za matengenezo uliowafanya mseme fundi Athumani anaandika kwa bisibisi. Basi mtavumilia.

Vyeo na mishahara sitaandika, havikuwa vingi na havikumfundisha mtu kitu. Nitaandika usukani. Mtasema fundi mzima, injini kafungua, giaboksi kafunga, leo anakuja kuandika usukani. Ndiyo. Kwa sababu katika faili la Mama Tumaini, nesi wa chanjo wa Newala, liliandikwa neno "uzembe", na neno lile lilitokana na usukani, na saini iliyo chini yake ni yangu. Naandika nikiwa na hasira. Nimengoja ipoe, haijapoa. Mke wangu kaniambia mtu mwenye hasira asimnyoe mwenzake, nami naona kasema kweli, kwa hiyo nitajitahidi kila mtu nimpe haki yake, hata yule ambaye sipendi kumpa. Nikikosea mtanisahihisha. Mara nyingi nimekosea.

Niliingia karakana ya Masasi nikiwa sijui tofauti ya spana na koleo. Mwenyeji wangu alikuwa Fundi Oswald, mtu wa Lulindi, aliyejifunza kazi kwa wamisionari. Alikuwa mtu wa kanisa, hakutukana, lakini ukikaza nati kwa spana isiyo saizi yake alikutazama mpaka ukatamani angetukana. Siku ya kwanza alinipa makopo ya bolti nioshe kwa dizeli. Bolti za kila mahali zilichanganywa, ila zile nne za kubana usukani zilikuwa na kopo lake peke yake, lenye kifuniko. Nikamuuliza zina nini hizi. Akasema nyingine zikikatika pikipiki inasimama. Hizi zikikatika pikipiki inaendelea, na wewe unabaki na usukani mkononi.

Tangu siku hiyo zile bolti naziogopa, na nyinyi naomba mziogope.

Pikipiki za karakana yetu si za bodaboda. Ni zile ndefu, nyembamba, zilizotengenezwa kwa mawe na makorongo. Mtu wa bodaboda hukaa kitini. Mtu wa kazi zetu, awe bwana shamba, awe mtu wa chanjo, hukaa kwenye lami tu. Akiingia kwenye mchanga wa Newala anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, na mikono ndiyo inayomwambia gurudumu la mbele linataka nini. Sasa mchukue mtu mrefu. Akisimama, usukani uko chini kwenye mapaja yake. Anapinda mgongo kama anapanda karanga. Uzito wote unakwenda kwenye viganja, vinakufa ganzi, na akianza kuteremka kichwa chake ndicho kinachotangulia. Saa tatu za hivyo, mtu hashuki kwenye pikipiki, anakunjuliwa.

Dawa ya Fundi Oswald ilikuwa ufito. Ulikuwa ufito wa kawaida wa kujengea, umenyooka, ameuparua maganda. Alimpandisha mtu juu ya vikanyagio, mimi nimeishika pikipiki isimame wima, akamwambia afumbe macho, aache mikono ining'inie, akunje magoti kidogo, halafu ainue mikono kama anayepokea sinia la chakula. Pale viganja vilipotua, ndipo alipopima kutoka kwenye kikanyagio, akakata alama kwa kisu na kuandika jina pembeni. Kila mtu wa karakana yetu alikuwa na alama yake kwenye ule ufito. Nilimuuliza kwa nini wafumbe macho. Alisema mtu akiona usukani, mikono itaufuata ulipo, itakuwa na adabu, na adabu haipimi kitu.

Baada ya hapo ni kunyanyua. Kama ni kidogo, unalegeza vile vibanio viwili na kuuzungusha usukani uje mbele au nyuma. Kama ni zaidi, unaweka vikalio, yaani vipande viwili vya chuma chini ya vibanio, alivyokuwa akichongewa na fundi wa mashine pale mjini. Kisha waya. Hapa mnisikilize. Ukinyanyua usukani umenyanyua na waya wa klachi, na waya wa resi, ule wa kuongeza mwendo, na paipu ya breki. Vyote vilikatwa kiwandani kwa urefu wa usukani wa kiwandani. Usiponunua virefu, vitakaza. Sasa hapo ulipo umetulia huoni kitu. Ukikata usukani mpaka mwisho, waya wa resi unavutwa na usukani wenyewe, na injini inaongeza mwendo bila mkono wako.

Ndiyo maana Fundi Oswald alikuwa akisema Masasi ni mwongo. Barabara za hapa zimenyooka. Unaweza kuendesha kutoka sokoni mpaka Lisekese na usikate usukani mpaka mwisho hata mara moja, ukarudi ukasema pikipiki safi. Kona ziko Newala, kule barabara inapopanda uwanda wa juu, na zaidi ziko kwenye njia za kushuka bondeni upande wa Ruvuma, ambako kona ni kama kiwiko cha mkono. Kwa hiyo kabla pikipiki haijatoka ilikuwa lazima iwashwe, ipate moto, halafu aseme maneno yake ambayo nayasikia mpaka leo: "Kata kushoto mpaka mwisho. Kata kulia mpaka mwisho. Sikiliza. Sauti ikibadilika umeua mtu, hujui tu jina lake."

Nilimharibia kazi mara moja. Alikuja bwana misitu mrefu, Fundi Oswald akiwa msibani Lulindi. Ufito ulisema usukani unyanyuliwe vidole viwili. Mimi nikawaza kama viwili ni vizuri, vinne ni vizuri zaidi, nikampandishia vinne. Kwenye mlima gurudumu la mbele likakosa uzito, likainuka kama jogoo anayetaka kuwika. Yule bwana alirudi kesho yake akiisukuma, hana jeraha ila la heshima. Fundi Oswald akarudi kutoka msibani. Alinipandisha mimi juu ya pikipiki ile ile, akanipeleka mlima ule ule, akakaa pembeni akila ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka nilipoanguka mara ya pili. Halafu akauliza, vidole vingapi? Nikasema viwili. Akanipa mng'oko wake mmoja, ndiyo ikawa suluhu.

Alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Ufito nikaurithi mimi.

Mama Tumaini alikuja baadaye. Jina lake la ubatizo ni Editha, na mwanawe wa kwanza ndiye Tumaini. Ni mwanamke mrefu kuliko mwanamume yeyote niliyemhudumia, na mwembamba, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa pikipiki ya chanjo kwa upande ule wa Newala. Kazi yake ilikuwa kubeba kikasha cha baridi chenye dawa za watoto na kushuka nacho bondeni, vijiji ambavyo gari halifiki. Vijana wa karakana walimwita Mlingoti. Hawakumwita pembeni. Siku ya kwanza mmoja alimwambia, "Mama, wewe huhitaji pikipiki, nyoosha mguu tu uko Newala." Yeye akamjibu kwamba ni kweli, lakini kikasha kina miguu mifupi. Wakacheka, naye akacheka. Mimi pia nilicheka. Naandika kwa sababu nimesema nitatoa haki kwa kila mtu, na mimi ni mmojawapo.

Alipopanda nikampima. Alama yake ilikuwa ya juu kuliko zote, ikabidi nitazame kama ufito unatosha. Nikamwekea vikalio, waya mrefu, paipu ndefu, tukakata kushoto, tukakata kulia, sauti ikatulia. Alikwenda na pikipiki ile miaka saba. Hakuanguka hata mara moja iliyonifikia. Alikuwa akija kubadilisha oili ananisalimu kwa jina la mwanangu, "Shikamoo Baba Somoe," mimi naitikia, halafu anaingia kuangalia alama yake kama iko. Alisema nyumbani kwao hakuna mlango wala kitanda wala joho la kwaya lililowahi kutengenezwa kwa saizi yake, ila ule ufito.

Kisha zikaja pikipiki mpya.

Zilikuja na bosi mpya wa usafiri. Jina lake sitalitaja, wengi wenu mko chini yake mpaka sasa. Alileta waraka: hakuna kubadilisha chombo chochote, kirudi kama kilivyotoka kiwandani, atakayebadilisha atawajibika. Haki yake ni hii: kabla hajaja, pikipiki mbili za upande mwingine ziliharibiwa na mafundi wa mitaani waliokuwa wakikata fremu na kuchomelea watakavyo, na mtu mmoja alivunjika mguu. Waraka ulikuwa na sababu. Lakini nilipomwonyesha ufito, nikamweleza habari ya watu warefu, alitabasamu akasema, "Mzee Athumani, hizi zimetengenezwa kwa mtu wa kawaida." Nikasema bosi, yupo mama mmoja si wa kawaida. Akasema basi ajizoeze.

Ajizoeze kuwa mfupi.

Mama Tumaini alijizoeza wiki sita. Alipokuja karakana asubuhi moja alishuka akabaki ameshika kiti, hawezi kunyooka. Viganja vyote viwili vimechubuka. Alisema njia ya bondeni ameanza kuiogopa, kwa sababu kila akishuka anajiona anakwenda kichwa chini kama ndoo kisimani, na kwamba wiki ile kuna chanjo ya surua na akina mama wameshaitwa. Hakuniomba nivunje waraka. Aliniambia tu, "Nipime tena, labda nimekua." Nikampima. Hakuwa amekua, wala hakuwa amepungua.

Vikalio vya pikipiki yake ya zamani nilikuwa nimevihifadhi ndani ya kopo la Fundi Oswald. Nikaviweka. Waya mrefu wa resi sikuwa nao, ule wa zamani haukuingiliana na injini mpya. Nilikwenda stoo, nikaambiwa wa kuagizwa, na kuagiza kunataka saini ya bosi, na bosi nisingeweza kumwambia wa nini. Nikaupitisha waya uliopo njia nyingine, mbele ya taa badala ya nyuma, ili upate nafasi. Nikawasha. Nikaacha injini ipate moto. Nikakata kulia mpaka mwisho, sauti ile ile. Nikakata kushoto mpaka mwisho.

Ilibadilika. Kidogo, kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Lakini ilibadilika.

Nililegeza waya, nikajaribu tena, ikapungua, haikuisha. Yeye alikuwa anangoja na kikasha chake, barafu inayeyuka. Nikamwachia.

Sasa nifike mahali panaponiumiza. Mnajua kwamba kila siku ya kazi niliandika kwenye daftari dogo mambo ya kufanya, na nikishafanya naweka tiki. Sijawahi kuruka. Daftari la siku ile ninalo hapa mezani. Kuna mstari unasema: "Kumwambia Mama T. asikate kushoto mpaka mwisho, aje wiki ijayo." Hauna tiki. Mistari mingine sita ya siku ile ina tiki. Huo hauna. Nimejaribu kukumbuka kama nilimwambia. Wakati mwingine namwona kabisa ananiitikia kwa kichwa akiwa amevaa kofia. Wakati mwingine naona ni mimi ninayemchora. Sijui. Fundi anayejua angekuwa na tiki.

Siku ya tatu, kwenye kona ya pili ya kushukia bondeni, ile inayokata kushoto kwenye mwamba, pikipiki ilivuta yenyewe. Alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, amekata mpaka mwisho kama kona inavyotaka. Injini ikapanda, pikipiki ikaruka nje ya njia, yeye akaangukia mkono wa kushoto. Kiwiko kilivunjika vibaya. Wanaume waliokuwa wakipanda na magunia ya korosho walimkuta ameketi, amepakata kikasha. Kikasha hakikufunguka. Watu wa bondeni wanaisema habari hii mpaka leo kwa sababu ya kikasha, na wamesahau mkono.

Pikipiki ililetwa Masasi kabla yeye hajatoka hospitali. Bosi alikuja kuitazama. Aliviona vile vikalio mara moja, si mjinga. Akauliza vimetoka wapi, nikasema ni mimi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Rudisha ilivyokuwa, kisha uniite nije kukagua." Hakunitishia. Nasema kweli, hakunitishia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekusaidia, na mimi niliipokea kama msaada. Nikatoa vikalio. Nikarudisha usukani chini. Nikarudisha waya nyuma ya taa. Ndipo akaja na fomu, akapiga picha kwa simu, tukawasha, tukakata kushoto mpaka mwisho, na sauti haikubadilika hata chembe. Ingebadilikaje?

Fomu iliandikwa: chombo kimekaguliwa, hakina hitilafu. Chanzo cha ajali, uzembe wa dereva. Alinipa kalamu. Msiseme mzee hakusoma. Nilisoma taratibu, kila neno, na nikaelewa. Nikatia saini.

Kikao kilifanyika mkono wake ukiwa bado umefungwa. Niliitwa kama fundi. Aliulizwa nini kilitokea, akasema, "Nilisikia pikipiki inavuta yenyewe. Mkono wangu ulikuwa umeacha resi." Mjumbe mmoja akasema pikipiki haina akili ya kujivuta. Wakacheka kidogo. Mwingine, huyu wa umri wangu, akasema labda urefu nao ni tatizo, mtu mrefu hawezi kutulia juu ya chombo. Wakacheka zaidi. Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi. Kutoka pale alipokaa mpaka kwangu palikuwa na meza moja na jagi la maji. Niliulizwa, fundi, chombo kilikuwa salama? Nikasema kilikaguliwa.

Kilikaguliwa. Ndilo neno nililolisema. Halikuwa uongo, na ndiyo maana nalichukia kuliko uongo.

Alinyang'anywa pikipiki, akaambiwa hatapewa chombo tena, akawekwa kupima uzito wa watoto kwenye zahanati ya juu. Kijana aliyepewa njia ya bondeni alishuka mara mbili, akasema njia mbaya, na sitamlaumu, njia ni mbaya kweli. Baada ya hapo akina mama wa bondeni wakawa wanapanda wenyewe na watoto mgongoni ule mlima wote, na wasioweza hawakupanda. Habari hizi alinipa muuza samaki wa Ruvuma, hajui kwamba ananisulubu. Nilikuwa namsikiliza nikikaza bolti.

Nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa bosi. Ya pili kwa waliocheka. Nilizunguka nazo nyumbani kama mtu mwenye jino. Siku moja mke wangu, Mama Somoe, alichoka. Alisema, "Baba Somoe, kila mtu umemshtaki humu ndani mpaka paka. Shahidi wako ni nani?" Shahidi alikuwa ndani ya kopo la Fundi Oswald, vipande viwili vya chuma, nami ndiye niliyemficha.

Siku ya kuniaga mlikuwepo. Mnakumbuka pilau na mnakumbuka hotuba. Bosi alinisifu kwamba katika kipindi chake chote hakuna chombo kilichotoka karakana kikiwa na hitilafu. Alisema hivyo mbele yangu, nami nikaambiwa nitoe neno la shukrani. Wengi wenu mlidhani nimechanganyikiwa nilipotoa kopo kwenye mfuko wa kanzu. Nikaweka vikalio juu ya meza, karibu na saa. Nikasema: "Hivi vilikuwa kwenye pikipiki ya Mama Tumaini siku aliyoanguka. Niliviweka mimi, na waya ulikuwa mfupi, na nilisikia sauti ikibadilika, nikamwachia aende. Kisha nilivitoa mimi ndipo mkakagua. Yule mama hakuwa mzembe." Nikakaa. Nilitaka kusema zaidi, nilikuwa nimeandika ukurasa, lakini niliuacha mfukoni.

Bosi akasema faili limefungwa, mzee, na leo ni siku ya furaha. Nikamwambia furaha ni yangu, naweza kuitumia nitakavyo. Nikamwambia kwamba nimeandika haya yote katika barua, na nakala ninayo, nikamkabidhi. Na hapa lazima niseme jambo ambalo hasira yangu hailipendi. Angeweza kuichana ile barua. Angeweza kuniita mzee aliyepagawa na watu wangemwamini. Hakufanya hivyo. Aliichukua, akaisoma akiwa amesimama, akakunja, akaitia mfukoni, na baada ya wiki chache ikaingia kwenye faili ikiwa na maandishi yake yeye chini, kwamba vikalio aliviona. Mistari miwili tu. Ingemgharimu nini kuiandika mapema, sijui. Mimi kusema kulinigharimu nini, najua, na ni kidogo kuliko nilivyoogopa.

Kikao kilikaa upya bila mimi. "Uzembe" ulifutwa. Mama Tumaini alipewa pikipiki, na ruhusa ya maandishi ya kunyanyua usukani, ya kwanza tangu waraka utoke. Niliposikia nilidhani hasira itaondoka. Ilihama tu chumba.

Mwezi uliopita alikuja hapa nyumbani Lisekese, anaendesha mwenyewe, amepinda mgongo kama zile wiki sita. Aliegesha pikipiki uani, akavua kofia. Akanisalimu shikamoo, nikaitikia marahaba, na sikujua niweke wapi macho. Mke wangu alimletea maji. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyaandaa siku nyingi, ya kuomba radhi. Alinikatiza.

"Sikuja kukusamehe, Baba Somoe. Labda siku nyingine. Nimekuja kupimwa."

Nikasema karakanani wapo mafundi wazuri. Akasema wapo, lakini ufito anao nani? Ni kweli, ufito nilikuwa nimeondoka nao. Nilijiambia nimeondoka nao kwa bahati mbaya.

Kabla hajapanda nilimletea daftari dogo. Nikamwonyesha ule mstari usio na tiki. Nikamuuliza kama nilimwambia. Aliusoma, akafikiri kwa haki, nilimwona anafikiri. "Sikumbuki," akasema. "Nimejaribu sana kukumbuka, maana ningependa kujua nikuchukie kiasi gani."

Mama Somoe akashika pikipiki. Mama Tumaini akapanda juu ya vikanyagio, akafumba macho, akaacha mikono ining'inie. Nikamwambia ainue kama anayepokea sinia. Akainua.

Mkono wa kulia ulitua palepale kwenye alama yake ya miaka yote. Wa kushoto ulitua chini yake, vidole viwili kamili, na umejikunja ndani. Kiwiko kiliunga hivyo, hakinyooki. Nilipima mara tatu. Nilitamani kipimo kikosee. Yeye bado amefumba macho, akauliza, "Imetua wapi?" Nikasema mmoja mahali pake, mmoja chini. Akasema, "Basi andika yote."

Nikachukua kisu nikakata alama ya pili chini ya ile ya kwanza, na jina lake nikaliandika tena.

Usukani ni mmoja, hauwezi kuwa na vimo viwili. Hili hata Fundi Oswald hakunifundisha, kwa hiyo nawaandikia nilivyofanya, na kama ipo njia bora mfuate hiyo. Nilinyanyua kwa vikalio mpaka katikati ya alama mbili. Nikauzungusha usukani nyuma, umfuate yeye. Kishikio cha kushoto nikakiingiza ndani, na mkono wa klachi nikaushusha ili kiganja kisijipinde zaidi ya kilivyopinda. Waya wa resi ulikuwa mrefu. Alikuja nao mwenyewe, mpya, ameufunga kwenye kanga.

Kisha tulikwenda Newala. Mimi nilikwenda kwa basi, nikashuka, nikatembea mpaka kona ya pili ya kushukia bondeni. Alikuwa ameshafika. Mwamba bado una mkwaruzo. Aliacha injini ipate moto. Akasimama juu ya vikanyagio, mgongo umenyooka, kikasha nyuma yake, na mimi nikachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, nikatega sikio. Akakata kulia mpaka mwisho. Akanitazama. Akakata kushoto, taratibu, mpaka chuma kikagota chuma, akaushikilia hapo.

Nilisikiliza mpaka akaniuliza kama nimelala.

Haikubadilika. Akateremka bondeni. Nikatoa daftari, nikaandika, nikaweka tiki, nikabaki pale nikiisikiliza pikipiki kona hadi kona, mpaka haikusikika tena.